Upande Utakaoshuka

Siku aliyozikwa Wendelini Lyandala, mhandisi Imelda Kihwele alijilaza ndani ya kaburi lake na kukataa kutoka.

"Hazikwi mtu hapa," alisema toka chini, mikono kaikunja kifuani kama maiti. "Huyu ni mtumwa wangu. Kafa bila ruhusa, na shamba la babu yangu hajamaliza kulilima. Nani atalilima? Wewe Kastuli, na mgongo huo wa mwanamwali?"

Watu wa Luhombelo walicheka mpaka waliobeba jeneza wakalazimika kulitua. Kastuli, mdogo wake marehemu, ambaye asubuhi nzima hakuwa ametia neno wala tonge kinywani, alichungulia shimoni akiwa na machozi na kicheko kwa wakati mmoja.

"Toka humo, mla mbwa," akasema. "Ukikaa sana hata mchwa watahama. Kaka yangu hajazoea kulala na harufu ya Iringa."

"Nilipeni kwanza."

Wakamlipa. Walimrushia mabonge ya chumvi, leso, nusu ya mkate, kandambili moja. Yeye akavikusanya vyote kimoja kimoja, akalalamika kwamba kandambili haina mwenzake, na watu wakazidi kucheka. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Imelda alikuwa Mhehe wa Kilolo, ng'ambo ya bonde, na hawa walikuwa Wapogoro. Watani tangu babu zao walipochoka kuuana wakaamua kutukanana badala yake. Kwenye msiba wa Mpogoro, Mhehe ana kazi. Anaiga mwendo wa marehemu, anavaa koti lake, anatia mchanga kwenye sufuria ya wali, anaziba njia ya kaburini, mpaka waliofiwa wakumbuke kwamba bado wana meno. Hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Anayemkasirikia mtani ndiye anayetozwa faini.

Kasoro ilikuwa moja tu siku ile. Imelda alikuwa na jambo la kweli la kusema, na hakuwa na mahali pengine pa kulisemea, kwa sababu mikutano ya Mamlaka iliyomwajiri watu wa Luhombelo walikuwa wamekwisha kuisusia, na magari ya matangazo waliyarushia mawe. Hapa walikuwepo wote. Basi akasimama ndani ya kaburi, udongo ukimfika mabegani, akasema:

"Nisikilizeni. Kijiji hiki kitashuka. Si Ifakara, si kwetu Udzungwa. Ni hapa mliposimama. Mtashuka mita mia nne na bahari itakuja juu yenu. Hameni wiki hii. Pandeni mlimani."

Kisha Bibi Philipina, shangazi wa marehemu, mwanamke mwenye jino moja na ulimi wa watu kumi, akauliza:

"Mita mia nne tu? Wahehe kwa uchoyo."

Walicheka vibaya sana. Wengine walikaa chini. Imelda akasema si utani, wakacheka. Akaapa kwa jina la mama yake, wakacheka zaidi, maana mama wa mtani ndiye wa kwanza kuapiwa kwenye utani. Mwishoni akaanza kulia, kulia kwa kweli, kamasi zikimtoka, na hapo wakampigia makofi. Wazee walikubaliana kwamba tangu vita viishe hajawahi kutokea Mhehe mwenye kipaji namna ile. Kastuli alimshika mkono akamvuta toka kaburini, akamkabidhi kuku jike kwa ajili ya yale machozi.

"Umenipumzisha moyo, mtumwa wangu," akamwambia sikioni. "Mungu akuweke."

Imelda alirudi ofisini na yule kuku kwapani.

*

Zamani mno, kabla dunia haijaota nyasi, bara hili lilijaribu kupasukia hapa likashindwa. Lilivutwa huku na huku likawa jembamba katikati, likabonyea, mito ikaleta mchanga kujaza lile bonyeo, maziwa yakaleta tope. Ilibaki kidogo bahari iingie. Kisha ule mvuto ukahamia mashariki, Madagaska ikakatwa huko na kwenda zake, bahari ikaifuata, na huku bara kukabaki kovu refu kutoka delta ya Rufiji mpaka Kilombero. Wanajiolojia waliliita ufa ulioshindwa, na kwa muda mrefu hakuna aliyeona haja ya kuusaidia.

Mamlaka ya Bahari ya Bara iliona haja. Nchi ilikuwa inakauka, watu walikuwa wengi, na bahari mpya ingeleta mvua, bandari na samaki katikati ya nchi. Wakazamisha sindano. Hilo ndilo lilikuwa jina la yale mabomba yaliyoshuka hadi kule ambako jiwe linaacha kuwa jiwe na kuwa kama unga wa chapati uliokandwa. Sindano zilipasha moto huo unga ukalainika, bara likaanza kunyooka tena, na ganda gumu la juu likaanza kukatika kwenye mipasuko yake ya kale. Kila ulipokusanyika msukumo wa kutosha, mhandisi alitoa neno, sindano za kipande chake zikaachiwa, ardhi ikashuka.

Beseni la bahari halishuki sawasawa kama lifti. Linashuka kama mlango wa sakafuni: upande mmoja unaporomoka kwenye mpasuko mkubwa, upande wa pili una bawaba, unajikunja tu. Tangu mwanzo upande wa kuporomoka ulikuwa ule wa Udzungwa. Kwa hiyo watu wa bondeni waliokaa chini ya Udzungwa walibebwa na magari ya jeshi na kuletwa upande wa bawaba, chini ya milima ya Mahenge, kwenye kijiji kipya cha Luhombelo, wakaambiwa hapa ni salama mpaka kiama. Baadaye ikaja tahadhari ya uongo kwamba kijiji kitashuka, wakapandishwa mlimani kwa nguvu msimu mzima wa mvua, surua ikaingia kwenye mahema. Walirudi bila watoto wao wengi. Mahakama iliposikia kesi yao ilitoa machozi na amri: watu hawa wasihamishwe tena kwa nguvu, kamwe. Ilikuwa hukumu nzuri, na magazeti yaliisifu.

Bahari nayo ilishafika. Ilipita Rufiji, ikasimama nyuma ya kizingiti cha miamba, na kila mwaka ilimwagika kidogo juu yake, ikaingia bondeni, ikakaushwa na jua, ikaacha chumvi. Mabeseni yote yaliyozaa bahari duniani yamepita hatua hiyo. Kwingine ilichukua muda ambao binadamu hajawahi kuishi, hapa ilichukua umri wa mtoto kufika chuo. Waliokuwa wakulima wa mpunga wakawa wakulima wa chumvi. Wendelini alikuwa nyapara wao.

Sasa ule msukumo ulikuwa umeruka. Imelda ndiye aliyeligundua hilo, maana kipande cha tatu kilikuwa chake. Mpasuko wa Udzungwa ulikuwa umechoka kabisa, na mpasuko mwingine, mzee kuliko wote, uliolala chini ya Mahenge tangu enzi za ufa wa kwanza, ulikuwa umeamka. Bawaba ilikuwa imegeuka kuwa mlango, na Luhombelo imekaa juu yake.

*

Mkurugenzi Elinami Mfinanga alikuwa anamenya karanga Imelda alipoingia. Alimtazama kuku, akaamua kutouliza.

"Nimesikiliza," akasema. Mamlaka ilikuwa na vinasa sauti kila kijiji, kwa ajili ya kusikiliza miamba, na miamba haikuwa peke yake inayosikika. "Umefanya vizuri sana, Imelda. Sikutegemea."

"Nimefanya vizuri nini, Mkurugenzi? Hawajaamini hata mmoja."

"Sheria inataka wananchi waarifiwe hadharani, kwa lugha wanayoielewa, na mtu wanayemfahamu. Umewaarifu hadharani, kwa Kiswahili chepesi, na wanakufahamu mpaka wanakupa mifugo."

"Walicheka."

"Sheria haikatazi kucheka."

Imelda alikaa chini bila kukaribishwa. Alikuwa amedhani anawaokoa, kumbe alikuwa anawasainia hati ya kufa, na sauti yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa wino.

"Zima sindano," akasema.

Elinami hakukasirika. Hakuwa mtu mkatili kwa tabia. Alikuwa amechoka tu, na mtu aliyechoka hufika palepale kwa njia fupi zaidi. Aligeuza kioo cha meza yake kumwelekea. Kipande cha tatu kilikuwa chekundu kotekote. "Tukizima, unga unapoa na kushika. Msukumo hauendi popote. Utakaa, utaongezeka, siku moja utakata wenyewe bila kutuuliza, na hautakata Luhombelo peke yake. Utakwenda na Ifakara. Unajua Ifakara ina watu wangapi sasa hivi."

"Najua."

"Tukiachia wiki hii, kinashuka kijiji kimoja. Tukichelewa, unajua zaidi yangu." Alimenya karanga nyingine. "Na mimi siwezi kuachia. Neno ni lako."

Hilo lilikuwa kweli. Miaka ya nyuma mhandisi mmoja alitoa neno akiwa ofisini Dar es Salaam, kwenye kiyoyozi, na kipande chake kikashuka siku ya gulio. Tangu hapo ikatungwa sheria ya jicho: mhandisi wa kipande lazima asimame mahali anapoiona ardhi yake kwa macho yake mwenyewe, aseme neno kwa sauti yake, na hakuna mwingine anayeweza kulisema badala yake. Iliwekwa ili wahandisi wawe na huruma.

"Nipe siku chache," Imelda akasema.

"Miamba ndiyo inatoa siku, si mimi," akajibu Elinami. "Huyo kuku unamuuza?"

*

Alirudi Luhombelo na begi la nguo, akajikaribisha nyumbani kwa wafiwa. Kijiji kizima kilikuwa kimelala matanga kwenye uwanja wa Wendelini, juu ya mikeka na magunia ya chumvi, kama desturi ilivyotaka; hakuna anayekwenda kwake mpaka matanga yaanuliwe.

"Ukiona Mhehe amekuja kulala mahali," Bibi Philipina akawatangazia wenzake, "ujue hapashuki kamwe. Hawa wanapenda roho zao kuliko wake zao."

Imelda hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amekuja kuwashawishi mmoja mmoja, na sasa kuwepo kwake ndiko kulikokuwa dhamana yao. Na kama angeondoka wangesema amekimbia kulipiziwa utani. Alijaribu kuwaonyesha nyufa mpya ukutani mwa kanisa. Wakamuuliza kama huko kwao nyumba hujengwa bila nyufa. Alimshika Kastuli mkono akamwambia, kwa sauti ya chini, bila tusi lolote: "Kastuli, nakuomba, mchukue mkeo na mtoto uende kwa wakwe zako." Kastuli alimtazama kwa wasiwasi kidogo, na Imelda akaona kwamba amekaribia.

"Unaumwa?" Kastuli akauliza. "Mbona huniiti mtumwa?"

"Siumwi. Nakwambia kweli."

Kastuli akafikiri, kisha uso ukamnyooka. "Aa. Unamtaka mtoto." Maana Imelda alikwisha kumposa yule mtoto mchanga tangu siku aliyozaliwa, kama mtani anavyopaswa, na kudai apelekwe Kilolo akachunge mbwa. Kastuli alicheka kwa furaha kwamba ameugundua mtego. "Gaudensia! Njoo uone mbinu za mkwe wako."

Imelda alijichukia sana siku ile. Alijichukia kwa sababu hakuweza kupata uso wa kuaminiwa. Tangu aje kufanya kazi bondeni, watu hawa walikuwa wamempa uso mmoja tu wa kuwaonyesha, uso wa kuchekesha, na yeye alikuwa ameuvaa kwa raha, kwa sababu hakuna mahali pengine popote duniani alipopendwa bila masharti.

Redio ya sindano kiunoni mwake ilianza kulia mara kwa mara. Elinami hakuwa na haja ya kusema mengi. "Msukumo umepanda tena," alisema. Baadaye: "Umepanda."

Asubuhi ya kuanua matanga, Imelda akapata njia. Hakulazimika kuaminiwa. Alilazimika kutaniana tu.

Matanga ya Wapogoro wa Luhombelo huanuliwa na mtani. Yeye ndiye huamka wa kwanza, akapiga sufuria kwa mwiko, akawafukuza watu kwenye mikeka, akawapeleka mtoni kuoga na kuosha msiba. Mahali pa kuoga huchagua yeye, na kubishana naye ni mwiko. Tangu waletwe hapa walikuwa wanaoga kwenye mfereji wa chumvi, hatua chache nyuma ya nyumba, kwa uvivu.

Imelda alipiga sufuria mpaka mwiko ukavunjika.

"Amkeni, watumwa! Leo hamuogi kwenye mfereji. Maji ya chumvi hayawatoi uchafu nyinyi, yanauhifadhi tu, kama samaki. Leo mnapanda Lufwanga, kwenye maporomoko."

Lufwanga ulikuwa mto mdogo juu kabisa kwenye ubavu wa mlima. Watu waliguna. Kastuli, akiwa bado na tongotongo, akasema: "Mlima wote ule kwa ajili ya kuoga?"

"Mnaogopa mlima? Ndiyo maana babu zenu tuliwakamatia bondeni."

Hilo halikuvumilika. Wakasimama. Vijana walianza kuimba, akina mama wakafunga khanga vizuri, wazee wakadai kubebwa na wakabebwa. Kanisa likafungwa, na hata wagonjwa walitolewa, kwa sababu maji ya kuanua matanga yanasemwa huwafaa. Imelda alipita nyumba kwa nyumba akiwatukana wasiotaka. Wanatoka. Luhombelo nzima inatoka kwa miguu yake yenyewe, na Mahakama haina la kusema.

Luhombelo nzima, isipokuwa nyumba moja.

Alilijua hilo tangu mwanzo. Alikuwa ameanua matanga mengi. Mjane haendi mtoni. Anabaki ndani, karibu na moto wa msiba, asiouacha uzimike, na maji ya kumuogesha huletwa kutoka kule walikooga wengine. Mpishi hubaki naye. Na mwanamke aliyetoka kujifungua hapelekwi mtoni na mtoto mchanga. Kwa hiyo walikuwa watatu na mtoto: Adelfina mjane, Mama Eusebia kwenye sufuria zake, na Gaudensia wa Kastuli akinyonyesha mlangoni.

Imelda aliingia jikoni. Adelfina alikuwa amekaa kwenye kigoda, kitambaa cheupe kichwani, akisogeza kuni kwa kidole cha mguu. Alimtazama Imelda akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Umewatoa wote," akasema. "Wendelini angefurahi. Alikuwa anasema hawa bila kupigwa teke hawaendi popote."

Imelda alifungua mdomo. Kama angemwambia, na kama Adelfina angeamini, basi angetoka. Na mjane akitoka nje kabla ya kuogeshwa, matanga yamevunjika. Kila mtu aliyeko njiani anarudi kukaa upya, siku zote zile tangu mwanzo. Wangerudi wote. Hakuna mtani angewatoa tena. Na kama asingeamini, angecheka, akamsimulia Mama Eusebia, na hakuna kitu kingebadilika. Alipiga hesabu hiyo kama anavyopiga hesabu za miamba, upande huu na upande huu, na jibu likatoka lilelile mara zote.

"Nipe ndoo," akasema. "Nikuletee maji."

"Yawe ya baridi," Adelfina akasema, akampa. "Humu ndani kuna moto, nimechemka kama mchicha. Usichelewe, mla mbwa."

Pale mlangoni Gaudensia alimwinua mtoto amwone mchumba wake. Imelda alimshika mtoto shavu, akasema neno la kuchekesha. Hakuweza kukumbuka baadaye lilikuwa neno gani.

*

Kule Lufwanga walioga kwa kelele. Maji yalikuwa ya baridi kweli, wazee walipiga mayowe, watu walirushiana maji usoni na kuuosha msiba. Chini yao bonde lilionekana lote: mashamba ya chumvi yakimetameta, paa za mabati za Luhombelo zimejipanga, na mbali, mashariki, ule mstari wa kijani wa bahari nyuma ya kizingiti. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka nyumbani kwa Wendelini.

Redio ikalia. Imelda akajitenga kidogo na watu, ndoo mkononi.

"Msukumo umefika mwisho," sauti ya Elinami ikasema. Haikuwa sauti ya mtu aliyechoka sasa. "Sindano mbili zimekatika zenyewe. Ama unaachia wewe au msukumo unaruka kwenda Ifakara. Unaona ardhi?"

"Naiona."

"Kijiji kimetoka?"

Nyuma yake Kastuli alikuwa amejaza ndoo ya pili, amejitwisha kichwani, anawaaga wenzake kwa mbwembwe. Anataka atangulie, alisema. Leo anampa mtoto jina la marehemu, na hataki jua limkute njiani. Vijana wawili walianza kukusanya nguo wamfuate. Dakika chache tu na njia ya kuteremka ingejaa watu.

"Imelda. Kijiji kimetoka?"

"Wamebaki wanne," akasema.

"Wanne," Elinami akasema. "Vizuri sana. Hongera."

Imelda alitazama ule moshi. Alimtazama Kastuli akiweka sawa kata yake ya majani kichwani. Akasogeza redio mdomoni, akasema neno kwa sauti yake mwenyewe, kama sheria ya jicho ilivyotaka:

"Achia."

Hapakuwa na ngurumo mwanzoni. Vumbi tu, mstari mwembamba wa vumbi ulioinuka chini ya mlima kutoka kusini kwenda kaskazini, kama mtu anavuta uzi. Ndege wote waliruka. Kisha mlima waliosimama juu yake ukapanda, ndivyo walivyohisi, ukawainua, wakaanguka kwa magoti, na bonde likaondoka. Luhombelo iliteremka ikiwa nzima. Nyumba hazikubomoka, zilishuka na paa zake, kanisa na mnara wake, mfereji na chumvi yake, zikawa ndogo, zikawa ndogo zaidi, na ule moshi uliendelea kutoka wakati wote huo kana kwamba kuni hazikuwa na habari. Ndipo ngurumo ilipowafikia, na haikuisha.

Mashariki kizingiti kilivunjika. Bahari ilikuja polepole kwa macho ya waliokuwa mlimani, nyeupe mbele kwa chumvi iliyokuwa inaisukuma, ikazunguka mashamba, ikaingia mitaani, ikaendelea kupanda.

Bibi Philipina alicheka. Ilikuwa mazoea tu, mdomo ulitangulia. Mtani alikuwa amesema na mambo yakatokea. Kicheko kikakatika katikati, na hakuna aliyemtazama.

Walikaa hivyo muda mrefu. Walioweza kulia walilia. Kastuli hakulia. Alikuwa amesimama pale njia ilipokatikia, ndoo bado kichwani, akitazama chini palipokuwa na maji tu. Mwishowe aliitua taratibu bila kumwaga, akapanda mpaka alipokuwa Imelda.

"Ulijua wamebaki," akasema.

"Nilijua."

"Ungeniambia."

"Nilikwambia, Kastuli. Nilikushika mkono nikakwambia."

Kastuli alifikiri juu ya hilo. Lilikuwa kweli, na alilikubali kwa kichwa, jambo ambalo lilimuumiza Imelda kuliko ngumi. Alikuwa tayari kwa ngumi. Alikuwa tayari kusukumwa ashuke na yeye. Sehemu yake moja ilikuwa inaingojea hiyo kwa hamu.

"Nitukane," akamwambia. "Niite mla mbwa. Niite chochote. Kastuli, mtumwa wangu, nitukane."

Kastuli alikuwa mkubwa kwake kwa miaka mingi. Alikung'uta vumbi kwenye suruali, akafunga kifungo cha shati shingoni, akasimama kama watu wanavyosimama mbele ya dirisha la ofisi. Hakumtazama machoni.

"Shikamoo, mheshimiwa," akasema. "Pole na kazi."

Akapita. Nyuma yake wengine walikuwa wamesikia, na wakaelewa bila kuambiwa. Walisimama mmoja mmoja, wakapanga foleni kwenye ile njia nyembamba ya kupandia, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine, na kila aliyemfikia alisimama kwa adabu, akainamisha kichwa, akasema shikamoo mheshimiwa, pole na kazi. Vijana walisema, na akina mama walisema. Hakuna aliyemtupia neno baya hata moja.

Bibi Philipina alikuja wa mwisho, akishikiliwa mkono. Alikuwa na umri wa kumzaa mama yake Imelda. Alijitoa kwa aliyemshika, akashika khanga yake kwa mikono miwili, akapiga goti kwenye tope la maji waliyooga.

"Shikamoo, mheshimiwa," akasema.

Akabaki pale chini akisubiri, kwa sababu salamu haiachwi hewani, na asingeinuka mpaka ajibiwe.

"Marahaba," Imelda akasema.